Nukta ya Kaskazini

Asubuhi hiyo meza ya jikoni ilikuwa imetekwa. Mzee Mawimbi alikuwa ametandaza juu yake kiredio kidogo, kidude cha kupokea setilaiti kinacholingana na kipande cha sabuni, betri, waya mwekundu, waya mweusi, na antena fupi ya mpira inayofanana na mkia wa panya. Vyote alikuwa akivipanga ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko, ulimi ukiwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Hilo ni bakuli langu la mboga," mkewe alisema.

"Lilikuwa," alijibu mzee bila kuinua kichwa.

Jina la Mawimbi alipewa na watu wa mtaa, kwa sababu maisha yake yote alitengeneza redio za wenzake, na alipostaafu akajiunga na chama cha watu wa redio za ridhaa, wale wanaozungumza hewani na watu wasiowajua na kuacha walio nao nyumbani wajizungumzie. Sasa alikuwa anatengeneza kifaa cha kumfuata mtu. Kifaa kinasikiliza setilaiti, kinajua kiko wapi, kisha kinapaza mlio mfupi hewani. Ndani ya mlio huo mna pakiti, yaani kifurushi kidogo cha namba, na kituo cha mzee, au cha mwenzake yeyote aliyeunganishwa mtandaoni, kikiupokea, kompyuta inaweka nukta juu ya ramani. Mwenye kifaa akitembea, nukta inatembea.

Mwenye kifaa angekuwa mkewe.

"Kwani mimi mbuzi?" aliuliza.

"Ni majaribio tu."

Mama huyu hakuwa mtu wa kupotea. Sokoni alikuwa akienda tangu ana meno yote. Zamani walikwenda wawili, mzee akibeba kikapu na kubishana na wauza nyanya, mpaka goti lake lilipokataa kazi. Sasa alibaki nyumbani akihesabu nzi. Lakini wanaume wa redio hawasemi "nimekukosa njiani". Husema wanajaribu kifaa.

Akakaa kwenye kompyuta kukipanga. Akaandika jina la kituo chake, na nyuma yake akaongeza namba ya kuonyesha kwamba hiki ni kile kinachotembea. Akachagua picha ya kuonekana kwenye ramani, na mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yake akimenya kitunguu, akaona lori.

"Mimi lori?"

"Ndiyo iliyokuja kwanza."

"Toa hilo lori, mzee, kabla sijakugonga nalo."

Akaweka mtu anayetembea. Akaamuru kifaa kipige mlio kila mbebaji anapokata kona, ili kisimalize betri kwenye barabara iliyonyooka. Kilichobaki kilikuwa upande wa dunia. Kifaa kilikuwa cha mtumba, kimetoka kwa mwanachama mmoja anayeishi mbali upande wa juu wa ramani, na kilikuwa cha aina ya zamani ambayo mwenye kukipanga huchagua mwenyewe, Kaskazini au Kusini. Nyumba yao iko kusini mwa ikweta. Mzee, kwa sababu alikuwa bado anacheka habari ya lori, alipita hapo bila kugusa.

Mama akatia bakuli kikapuni, akafunga mlango, akashika njia. Alipokata kona ya fundi viatu, kifaa kikalia kama kuku mwenye mafua, na mama akajikuta amesimama kwenye ua wa sementi, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Jua lilikuwa palepale lilipokuwa, ila halikuwa na nguvu. Huku nyumbani watu walikuwa wakijipepea, na kule ilikuwa baridi. Akatamani sweta.

Nyuma ya shuka la pili alikuwepo binti yake aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo, kibanio mdomoni.

Binti alitoa kibanio. "Mama. Umekuja lini?"

"Sasa hivi. Nilikuwa naenda sokoni."

"Baba hajambo?"

"Goti tu. Shika hapa, shuka linaburuzika."

Wakaanika shuka, kisha wakakumbatiana, kwa sababu shuka lililolowa haliwezi kungoja. Ndipo mama alipoiona mikono ya mwanawe. Ilikuwa imepasuka kwa dawa ya kufulia. Huyu ndiye mtoto wao wa pekee, na kila alipopiga simu, simu fupi fupi za mtu anayechungulia mlangoni, aliwaambia anafanya kazi hospitali.

"Hii ndiyo hospitali?"

"Mama, jamani."

"Nauliza tu. Sioni wagonjwa."

"Ningewaambia nini? Mngelala?"

"Tungekesha. Wazazi ni wa nini?"

Binti akaeleza huku akianika. Hati yake ya kusafiria iko kwenye droo chumbani kwa mwenye nyumba, mwajiri wake. Lango linafungwa kwa ufunguo, na tangu aingie hajalivuka. Mkataba wake ulikwisha zamani, lakini kila akiuliza anaambiwa asubiri mpaka apatikane mwingine, na huyo mwingine hatafutwi.

Mwenye nyumba mwenyewe akatoka, mwanamke nadhifu mwenye ufunguo kwenye mkufu shingoni. Alimwangalia yule bibi mgeni uani kwake kama anavyoangaliwa mtu aliyechelewa kazini. Kisha akanyoosha kidole kwenye rundo la foronya. Mama akapiga pasi foronya zote. Hakutaka kumharibia mwanawe.

Alipomaliza, alimkamata binti kwapani, akambana vizuri, akazima kifaa, maana ndicho kilichomleta, ili warudi wote wawili. Akajikuta kwenye kona ya fundi viatu, mkono umekunjwa, amekumbatia hewa.

"Umerudi upesi," fundi viatu alisema. "Soko limefungwa?"

"Limejaa," alijibu, akaenda zake.

Nyumbani alimkuta mzee amesogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, kidole kiko juu ya kitufe.

"Umeruka nusu ya dunia," alisema mzee. "Lakini hitilafu nimeipata. Niliacha Kaskazini. Nabonyeza hapa tu, tunamaliza."

"Usiguse."

Alisema kwa sauti ile anayotumia maziwa yanapokaribia kumwagika, na mzee hakugusa. Mama akavua viatu, akakaa, akamweleza yote, pamoja na foronya. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Amekonda?"

"Mashavu. Mdomo uko palepale."

Mzee akaondoa kidole kwenye kitufe. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, ingawa haikuwa chafu.

Basi mama akawa anakwenda kila siku. Alipeleka mafuta ya mikono, soksi nzito, na umbea wa mtaa mzima, uliokuwa umelundikana miaka. Walipiga pasi pamoja wakicheka chinichini. Mwenye nyumba alizoea, akaanza kuacha mapazia ya kufuliwa, kwa kuwa sasa mikono ilikuwa minne. Mzee alikaa mbele ya ramani akiitazama nukta, na mkewe aliporudi alimtaka asimulie upya, hata pale ambapo hakukuwa na kitu. Mboga nyumbani zikaadimika, maana njia ya sokoni haikufika tena sokoni. Mzee alikula viazi bila kunung'unika, jambo ambalo lilimshangaza mkewe kuliko kule kuruka.

Kilichofuata ni katibu wa chama kubisha hodi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikataa kukaa.

"Mzee wangu, kituo chako kinatangaza mahali pa uongo. Mke wako anaonekana kaskazini. Wenzetu wanalalamika. Rekebisha, au nitalazimika kukusimamisha usiwe hewani."

Mzee Mawimbi hakuwahi kutuma uongo hewani. Alikuwa akijivunia hilo kuliko nywele zake, ambazo zilikwisha. Usiku uliopita aliwaza hilo hilo, na alijua kwamba kurekebisha ni kubonyeza mara moja, na kwamba kubonyeza huko kungemfungia mkewe lango la pili.

"Si uongo," alisema. "Yuko kule, anapiga pasi foronya."

Katibu alikuwa mtu wa ushahidi. Alikwenda akawasiliana na kituo cha mwanachama mmoja wa kaskazini, na siku chache baadaye akarudi, safari hii akakaa.

"Wanamsikia," alisema. "Moja kwa moja, bila kupitia kituo cha kati cha kurushia. Ishara ina nguvu, kama anayetuma yuko mtaa wa nyuma. Kwa hiyo mahali ni sahihi, na mimi sina shauri tena. Ila mwambie mama, antena isilale kikapuni. Isimame."

"Nitamwambia," mzee alisema.

"Na hizo foronya, analipwa?"

"Halipwi."

"Hilo haliko kwenye kanuni zetu," katibu alisema kwa masikitiko, akaaga.

Wakaona waende kwenye ofisi inayoshughulikia wanaofanya kazi nje. Mzee alikokota goti lake mpaka ghorofani, mkewe akambeba upande mmoja, na wakaweka ramani mbele ya karani, kijana mwenye sauti laini na kikombe kilichovunjika mkono. Karani aliitazama nukta, akaelewa upesi.

"Mama, uliingia nchi ya watu kwa kibali gani?"

"Kwa kikapu."

"Basi una kosa. Binti hana kosa lolote, yeye ana mwajiri." Akapiga funda la chai. "Mwenye kosa tunaweza kumrudisha nyumbani. Asiye na kosa, mpaka mwajiri akubali."

"Mimi narudi mwenyewe kila siku," mama alisema.

"Ndiyo maana hatujakufungulia shauri," karani alisema kwa upole, na akawashikia mlango walipotoka, kwa sababu ya goti.

 Walipofika nyumbani mzee alisimama mbele ya kabati la vyombo, akamgeukia mkewe.

"Naomba bakuli lingine la mboga."

"Safari hii unaomba," mkewe alisema, akampa lililo zuri zaidi.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kama kifaa cha kusini kilichopangwa Kaskazini kilimpeleka mama kule, basi kifaa kilichoko kaskazini kikipangwa Kusini kitamleta binti huku. Alikilehemu kifaa cha pili polepole, akikagua kila kiungo mara mbili. Akampa binti namba yake, akachagua mtu anayetembea, na kwenye upande wa dunia akabonyeza Kusini huku anatazama, asije akasingiziwa kwamba alikuwa anacheka. Mama akakipeleka.

Mzee akabaki mbele ya kompyuta. Alikuwa amevaa shati safi. Nukta ya mkewe ilisimama kule kwenye ua. Kisha redio ikalia, na nukta mpya ikatokea kwenye ramani, huku kusini, mtaa wao, nyumba yao, sebuleni, kati ya kiti chake na dirisha. Mzee akageuka kutazama. Zulia lilikuwa tupu, na jua la dirishani limelala juu yake.

Alikuwa bado anatazama mkewe alipoingia.

"Amefika?" mama aliuliza.

"Nukta imefika. Iko pale. Yeye yuko wapi?"

"Nimemwacha anapiga pasi." Mama aliweka kikapu chini. "Kifaa chako, baba, kinambeba anayekata kona ya barabara. Mimi natoka hapa, nashika barabara, nakata kona, kinanichukua. Yeye amezunguka ule ua kutwa nzima. Hana barabara. Ana kuta tu, na lango limefungwa."

Mzee akafikiri. Alifungua kifuniko cha kompyuta moyoni mwake, akapitia kila kitufe alichokijua.

"Hakuna kitufe cha hilo," alisema.

"Najua. Kula viazi vyako."

Binti hakukizima. Alikitia kwenye mfuko wa aproni, na mama anampelekea betri kila siku pamoja na mafuta ya mikono. Kwa hiyo binti yuko nyumbani mchana kutwa, hewani. Katibu alikuja na kipimo chake, akapima pale kati ya kiti na dirisha, akasema hajawahi kuona ishara safi kiasi hicho, na alipotoka alizunguka nyuma ya kiti ili asimkanyage. Mzee amesogeza kiti chake kando, asimzibie mwanga. Humsalimia asubuhi, humlalamikia goti, na humsomea habari za magazeti, hasa za mpira, ambazo binti hakuwahi kuzipenda. Kule, mwenye nyumba bado ana ufunguo shingoni, na sasa anazungumzia kuongeza chumba kimoja cha wageni, kwa kuwa kufua hakuna shida.

Kila asubuhi, kabla ya kuchukua kikapu chake, mama hufagia sebule. Akifika pale karibu na dirisha husimama, fagio mkononi.

"Sogea kidogo, mwanangu, nifagie."

Anangoja. Mzee anatazama kioo. Huko kaskazini binti amemaliza rundo moja la mashuka, anahamia jingine, na juu ya ramani nukta inasogea kidogo kuelekea kwenye kabati.

"Haya," mzee anasema. "Amesogea. Fagia."