Kibao Shingoni mwa Nermin

Miaka ile kundi la muziki la Ghorofa ya Tatu lilipokuwa halikosekani redioni, waandishi walipenda sana kuuliza jina limetoka wapi. Nermin aliwapa uongo mpya kila mara: leo ni siri ya jeshi, kesho ni jina la paka wa shangazi yake. Ukweli haukuwa na maajabu. Jina lilitoka ghorofa ya tatu ya nyumba moja kuukuu kule Cannstatt, jijini Stuttgart, jikoni kwa Frieder, ambako kuta zilibandikwa trei za mayai ili kelele zisitoke. Kelele zilitoka vilevile.

Walikuwa watatu. Frieder mwenyewe, fundi vigae, mrefu kama mlingoti na mwoga wa watu mpaka ashike kipaza sauti. Lefteris, mtoto wa mwenye mkahawa wa Kigiriki, alikuwa dijei, na santuri zake alizipenda kuliko ndugu zake wala hakuona haya kulisema hilo mbele yao. Na Nermin, aliyekuwa akijifunza kazi kwa daktari wa meno, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko vyuma vyote vya kazini kwake.

Mwanzoni walichana mistari ya rap kwa Kiingereza kama vijana wote wa kituo chao cha vijana, na Kiingereza chenyewe, Mungu anakijua. Siku moja askari Mmarekani wa kambi ya jirani aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Huo mtaa wa bunduki mnaouimba uko wapi? Nyie si mnakaa hapa karibu na mto?"

Frieder aliona aibu hadi masikio yakawaka. Aliporudi nyumbani alikaa jikoni akaandika anachokijua: ngazi zao, majirani zao, harufu ya dengu siku za Jumamosi. Akaandika kwa Kijerumani cha kwao Swabia, kile ambacho watu wa Hamburg wakikisikia hucheka kabla hujamaliza sentensi. Lefteris akatia mdundo, Nermin akatia kejeli, na kundi likazaliwa.

Basi jiko lile ndilo lilikuwa studio, ofisi na kila kitu, na Frieder alikuwa mbioni kulipoteza. Mwenye nyumba, Bwana Mögle, alishaletewa malalamiko mara mbili, akaapa kwamba yakija ya tatu kijana atahama na mayai yake. Malalamiko hayakuwa ya muziki, yalikuwa ya kufagia. Katika nyumba zile mpangaji mmoja hushika zamu ya ngazi wiki nzima, kufagia na kupiga deki, na zamu hujulikana kwa kibao kinachoning'inia mlangoni pake. Akimaliza, anakihamishia mlango unaofuata. Asiye na kibao hagusi ufagio, na mwenye kibao hana udhuru, hata awe na uchungu wa kuzaa.

Oktoba ya mwaka 1994 walipata ziara yao ya kwanza, ya wiki tatu. Wangetangulia jukwaani kabla ya kundi moja kubwa, mji baada ya mji, na kumalizia nyumbani Stuttgart. Asubuhi ya kuondoka, gari likipiga honi barabarani, Nermin alishuka ngazi akilalamika kwamba wachanaji wa Amerika wana mikufu ya dhahabu na yeye hana hata ya bati. Macho yake yakaangukia kibao mlangoni kwa Frieder. Akakivua, akakivaa shingoni na kamba yake.

"Nimependeza?"

"Malkia mtupu," alisema Lefteris. "Twende, tunachelewa."

Frieder alikuwa amekumbatia masanduku ya santuri, hakuona kitu. Wala hakukumbuka kwamba wiki ile ilikuwa yake.

Alikiona kibao mjini Kassel, tena jukwaani, taa zikimulika na watu wakipiga mayowe. Hawakuwa wakijua ni cha nini, lakini walikipenda. Mji uliofuata walikipenda zaidi, na gazeti moja likachapisha picha ya Nermin nacho, kidevu juu. Frieder alicheka pamoja na wengine, ila sasa alikumbuka zamu ilikuwa yake. Hatimaye akaingia kwenye kibanda cha simu, akampigia Wendelin, dereva wa basi wa ghorofa ya kwanza.

"We mtoto!" Wendelin alifoka. "Kibao kiko wapi?"

"Kipo salama, mzee wangu."

"Salama wapi? Majani yameingia na upepo mpaka mlangoni kwangu. Juzi nimeteleza na mfuko wa viazi. Hakuna anayefagia, maana hakuna mwenye kibao."

"Si mfagie tu? Nikirudi nitazilipa zamu zenu."

"Frieder. Umelelewa wapi wewe? Tufagie wiki ya mtu mwingine?"

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wazima wenye akili timamu, kila mmoja na ufagio wake nyuma ya mlango, walikuwa wakiruka majani na tope kwa sababu haikuwa wiki yao. Bi Bühler wa ghorofa ya pili, mjane ambaye angeweza kupiga deki hata barabara kuu, alifungua mlango kila asubuhi, akazitazama ngazi, akashusha pumzi na kufunga. Na Jumamosi adhuhuri, Wendelin alisema, Mögle anakuja kukagua.

Ndani ya gari kukawaka.

"Kibao ndicho kimetutoa," alisema Nermin. "Jumamosi ni Stuttgart, kwetu! Nipande jukwaani shingo tupu?"

"Na bila jiko tutarekodia wapi?" alifoka Frieder. "Kinywani mwa wagonjwa wako?"

Lefteris alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Nermin alimjua Frieder tangu shule, na hakuwahi kumsikia akipaza sauti bila mdundo. Akakivua kibao, akakiweka mapajani.

"Haya, bwana fundi. Twende wote tukafagie. Lakini ukimwambia mtu, nakung'oa meno."

Jumamosi walimkuta Mögle ameshafika. Amesimama katikati ya ngazi, kiatu kimejaa majani, uso umemwiva. Bi Bühler alikuwa mlangoni kwake, mikono kifuani.

"Mwisho wa mwezi uwe umetoka!" Mögle alimwambia Frieder. Kisha, kwa hasira, akaunyakua ufagio wa Wendelin uliokuwa nyuma ya mlango wake na kuanza kufagia mwenyewe.

"Acha!" Bi Bühler alipiga kelele iliyosikika mpaka mtaa wa pili. "Weka chini huo ufagio!"

"Mama, hii ni nyumba yangu!"

"Nyumba yako, wiki si yako. Kibao unacho? Huna. Weka chini."

Mögle akauweka.

"Na huyu kijana haendi popote," Bi Bühler aliendelea. "Ana wiki tatu hajazifanya. Hajawahi mtu kuhama hapa akiwa na deni la wiki. Marehemu mume wangu alifagia Ijumaa, akafa Jumapili. Atazifanya zake, na kwa utovu wa adabu atafanya za majira ya baridi yote, na kuzoa theluji juu. Tutaonana mwezi wa Machi, Bwana Mögle."

Utaratibu ni utaratibu, na Mögle mwenyewe alikulia humo humo. Aliondoka akinung'unika, akipangusa kiatu kwenye kila ngazi.

Frieder alitaka kumkumbatia yule mama. Hakuthubutu. Alishika ufagio, Lefteris ndoo, Nermin tambara, wakaanzia juu kushuka chini mpaka ngazi zikang'aa, na kibao kikarudi mlangoni. Furaha ilimjaa Frieder hadi akawa anafagia kwa mdundo.

"Njoo utuone jioni, Bi Bühler," alisema Nermin akikamua tambara.

"Mimi? Kwenye makelele yale?"

Alikuja. Alivaa koti lake la kanisani, akasimama pembeni karibu na mlango, mkoba kifuani. Ukumbi ulikuwa umefurika, na Nermin alipotokea shingo tupu alipigwa na butwaa: vijana walioiona picha gazetini walikuwa wamevaa vibao vyao, vimeng'olewa milangoni mwa nyumba za jiji zima. Kutoka jukwaani Frieder alimwona Bi Bühler akivitazama, mkono mdomoni, kama aliyeona mji unaungua.

Wakaimba wimbo wao mkubwa. Ubeti wa pili ulikuwa wa Bi Bühler: anavyochungulia tundu la mlango, anavyohesabu nani kaingia na viatu, sauti yake ya kuamsha wafu. Frieder alimwona pale pembeni, akakumbuka mchana alivyotetewa. Akauruka ubeti ule. Lefteris alimkodolea macho, akairudisha santuri hadi kiitikio, wimbo ukaendelea na ukumbi ukalipuka.

Baadaye Frieder alimkuta Bi Bühler akingoja mlangoni, uso umekunjamana.

"Umependa, Bi Bühler?"

"Mmeimba ovyo. Kwangu inasikika vizuri zaidi, sakafu inachuja zile kelele, yanabaki maneno." Akamgonga kifuani kwa mkoba. "Na ubeti wangu uko wapi? Miaka miwili nausikia kila Jumanne juu ya kichwa changu, leo nimevaa koti zuri, nimewaambia wale wasichana pale subirini, sasa hivi ninakuja mimi. Wewe ukauruka!"

Frieder alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kucheka. Akamshika mkono, akamrudisha ukumbini kabla taa hazijazimwa, akamwita Lefteris aweke ile santuri, akamchania ubeti wake mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo, katika miaka yote ya kundi lile, majukwaa makubwa na madogo, ubeti wa pili haukurukwa tena.