Sendofu Yangu na Ada ya Lea

Jumapili ile kamati ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, ilikaa sebuleni kwetu, Mkonze. Mimi, mwali mwenyewe, nilikuwa wa kumimina chai na kunyamaza. Kunyamaza hakunipi shida. Tangu niache shule darasa la tano, wageni wakija mimi niko jikoni.

Mwaka huu biashara zimelala, na michango iliingia nusu. Hata hivyo waliongea ukumbi na matarumbeta tu.

"Keki ya ngazi tatu haiguswi," alisema shangazi Stumai.

"Ngazi tatu apande nani?" aliuliza baba mdogo Mazengo, mwenyekiti.

Jikoni, mdogo wangu Lea alikuwa anaosha vikombe, machozi yakidondokea kwenye beseni. Anasoma shahada ya biashara, mwaka wa mwisho. Mkopo wake haukutosha, na mbuzi wa baba walikosa wanunuzi. Asipomaliza ada kufikia Ijumaa, haruhusiwi kuingia kwenye mtihani.

Nilirudi na birika. Sijui sauti niliipata wapi.

"Shikamooni. Naomba pesa ya ukumbi na matarumbeta iwe ada ya Lea. Sendofu tuifanyie hapa uani."

Baba mdogo akanipokea birika.

"Mwali haongei kikaoni," alisema shangazi.

"Huyu tumemsubiri miaka yote aongee, leo umkatize?" aliuliza baba mdogo.

"Na waliochanga wakiuliza keki?"

"Tutawaonyesha Lea."

Baba mdogo akampigia mchumba wangu, Kristofa, akaweka simu mezani tusikie wote.

"Baba, mimi namuoa Germana, sioi ukumbi," alisema Kristofa. "Viti nitaleta mwenyewe."

Shangazi alikunywa chai yake yote kabla ya kusema, "Haya. Lakini pilau napika mimi, na mtu asinifundishe chumvi."

Ada ililipwa Jumanne.

Sendofu ilifanyika Jumamosi ya mtihani wa mwisho wa Lea. Alishuka kwenye bodaboda saa tisa, kitambulisho cha chuo bado kinaning'inia shingoni.

"Umejibu yote?" aliuliza shangazi, mwiko mkononi.

"Yote, shangazi."

Shangazi akapiga vigelegele, wanawake wote wakaitikia, na Lea akabebwa juu juu kuzunguka uani. Wageni waliochelewa wakampa hongera na zawadi, wakidhani mwali ni yeye. Nilicheka, sikuwasahihisha.