Kiingereza cha Mtu Asiyeondoka

Nilichagua Kiingereza kwa ajili ya cheo, si kwa ajili ya ndege. Ninalisema hili mapema kwa sababu Uvira nzima imekataa kunisikia.

Ninashughulikia mambo ya wafanyakazi katika shirika moja la mbegu, ofisi yetu iko mtaa wa Rugenge. Miaka sita nimepanga mikataba, likizo na majalada ya watu, nikiwa msaidizi wa mzee Toussaint. Mzee huyo alipokaribia kustaafu, Madame Bénédicte, mkurugenzi wetu, alitangaza kwamba atakayeshika nafasi yake lazima awe na lugha moja ya kigeni zaidi ya Kifaransa. Alitupa miezi minane. Nafasi ya msaidizi ingefutwa mwisho wa mwaka, kwa hiyo ama nipande, ama nirudi nyumbani. Nyumbani kuna watoto wanne na mume wangu Osée, mwalimu ambaye shule yake imefungwa. Niliitaka nafasi ile.

Osée alinishauri Kichina. Alisema barabara ya Katogota inatengenezwa na Wachina, na tena mtu akisoma Kichina hakuna atakayemuuliza anakwenda wapi. Nilimcheka. Wafadhili wetu wanaandika Kiingereza, Kichina ningemwandikia nani? Nikajiandikisha kwa Chadrack, aliyewahi kuwa mtunza ghala wetu, ambaye sasa anafundisha Kiingereza katika chumba cha kanisa.

Kwetu, mtu mzima akibeba daftari la Kiingereza, watu hawaoni daftari. Wanaona dosie, zile karatasi za kuomba kwenda Amerika. Wiki ya pili jirani yangu Georgette alikuja kuuliza kitanda changu nitamwachia nani. Kwaya yetu ya kanisa ikampa mwingine nafasi yangu. Nikakana. Ubaya ni kwamba anayesafiri kweli ndiye hukana kuliko wote, asije akaharibiwa dosie yake, kwa hiyo kila nilipokana nilizidi kuondoka. Mama mkwe alishuka kutoka Mulenge kuja kuniaga, akalia mlangoni. Nilikasirika nusura nimfukuze.

Mtihani wa Kiingereza niliushinda. Nafasi akapewa Jeancy, mwenzangu wa ofisini, asiyejua hata kusalimia kwa lugha hiyo.

Niliingia kwa Madame bila kubisha hodi, nikamwapia kwa watoto wangu kwamba sina dosie popote. Alinisikiliza kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza.

"Bote banakanaka vile, Dorine," alisema. "Minye siwezi kuweka muntu mwenye iko mu njia. Na ni weye ulinifundisha."

Akafungua kabati na kunitolea jalada la zamani. Mwandiko ulikuwa wangu: Anajifunza Kiingereza. Yuko njiani. Mkataba usiongezwe. Juu yake, jina la Chadrack.

Nilikuwa nimesahau. Hiyo ndiyo aibu inayonitafuna zaidi, kwamba niliyaandika yale haraka haraka kabla ya kwenda kula, kisha nikasahau.

Saa kumi nilikwenda darasani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Wenzangu walikuwa hawajafika. Chadrack akaniuliza kama nimepata. Nikamwambia nimenyimwa, eti niko njiani. Alicheka kidogo bila furaha, akasema na yeye alifukuzwa kwa neno hilo hilo, miaka mitatu sasa, na mpaka leo hajui aliyeliandika ni nani.

Ningeweza kunyamaza. Lakini miezi minane nilikuwa nimewalilia watu waniamini, na sasa nilikuwa na neno moja la kweli mdomoni.

"Ni minye, Chadrack."

Alisimama na chaki yake mkononi. Nilitamani anitukane.

"Na uliona niliendaka wapi, Maman Dorine?"

Wanafunzi walianza kuingia, wakavuta viti. Akageuka, akaandika tarehe ubaoni, kisha akaniita mimi nisome wa kwanza, kama siku zote.