Vifuko vya Kijani

Lori lilikuwa limeshaanza kutambaa pale Daktari alipotokea kwenye kona akikimbia, viatu mkononi, na ilibidi shemeji yake apige kelele ili dereva akanyage breki. Nyuma walikuwa wamepakia nyumba nzima: kitanda miguu juu, kabati lililofungwa kamba kila upande, masufuria ndani ya ndoo na ndoo ndani ya beseni. Mbele, dirishani, alikaa mdogo wake Daktari, tumbo likikaribia kugusa dashibodi.

Daktari akampandishia boksi kupitia dirishani. Akamwambia vifuko vilivyomo vitamtosha mpaka ajifungue, kimoja asubuhi, kimoja jioni, avikoroge kwenye uji au maji, asiruke hata siku moja.

"Dada, wewe ungekuwa mama mkwe ungeua mtu kwa shibe," mdogo wake akasema.

Shemeji akadakia kwamba kwa vifuko hivyo mtoto atazaliwa na ndevu. Alikuwa fundi wa mitambo ya maji, amehamishiwa kituo cha mbali ambako hata simu hushika kwa kubahatisha, na tangu alfajiri alikuwa akiwahimiza watu waondoke kabla jua halijawa kali. Dereva akaachia breki. Daktari akabaki barabarani anapunga mkono, viatu bado kavishika.

Tuelewane hapa. Huyu waliyemwita Daktari hakuwahi kumpima mtu homa. Udaktari wake ulikuwa wa seli. Alifanya kazi kwenye mradi wa lishe ya wajawazito, na mradi ule ulikuwa na vifuko vya aina mbili. Vyeupe vilikuwa na kipimo cha kawaida cha madini na vitamini, na wanawake wengi walishavila bila taabu. Vya kijani vilikuwa na kipimo kikubwa, vimefungiwa stoo, vinangoja kamati iruhusu, na kamati ilikuwa inangoja Daktari aonyeshe kwamba kipimo kile hakiziumizi seli za kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni.

Naye alionyesha. Chini ya hadubini seli zake zilikula kipimo cha kijani zikastawi, zikajaza chupa mpaka zikakosa pa kukaa. Maabara nzima ilimpongeza. Na kwa kuwa mimba zote za mdogo wake zilizotangulia zilimtoka, na hii ya sasa ilikuwa imeanza kushika, Daktari hakuwa na subira ya kungoja kamati. Alikuwa na ufunguo wa stoo. Akachota.

Sasa, watu wa kazi ile husema wanafuga seli, na wenyewe kwa utani huziita mifugo. Zinakaa kwenye chupa bapa, ndani ya kabati la joto, zinanyweshwa maji ya lishe na kubadilishiwa kama unavyombadilishia kuku maji. Ndani ya kabati lilelile kulikuwa na mifugo ya mtafiti mwingine, seli zilizotokana na uvimbe wa saratani, wakorofi wasiojua kufa. Sheria ni kwamba kila aina inakuwa na maji yake na mrija wake. Siku moja Daktari alikuwa na haraka, akanywesha aina zote mbili kutoka chupa moja ya maji. Seli moja iking'ang'ania ncha ya mrija inatosha. Zile korofi ziliingia kwa zile za kondo, zikala chakula chao, zikazisukuma nje ya nyumba yao zenyewe, na Daktari akaziona zimenenepa akafurahi.

Hakulijua hilo mpaka Profesa, mkuu wa mradi, alipopeleka sampuli kupimwa kwingine, kama ilivyo desturi kabla ya kuchapisha. Jibu lilirudi wiki iliyopita: hizi si seli za kondo. Profesa, mama mmoja mwenye ulimi wa wembe, alisema basi, makosa hutokea, waamshe seli za mwanzo zilizohifadhiwa kwenye pipa la baridi kali, warudie kazi. Hakuhangaika sana. Kwa alivyojua yeye, hakuna aliyekula kifuko cha kijani hata kimoja.

Daktari alirudia kazi, na siku zote hizo alijiambia jibu litakuwa lilelile. Alijiambia hivyo kwa nguvu mpaka asubuhi ile akampelekea mdogo wake boksi la mwisho kwanza, ndipo akaenda kutazama.

Alivaa glavu, akafungua kabati la joto, akatoa chupa mbili. Ya kipimo cheupe ilikuwa sawa: seli zimejibandika sakafuni, zimetandaza miguu, zimeshikana. Akaweka ya kijani chini ya lenzi. Seli hai hushika sakafu. Hizi zilikuwa zimeachia. Zilielea juu, mviringo, zimekunjamana, zinayumba kila alipogusa meza, kama makapi kwenye maji ya kuoshea mchele.

Akasogeza chupa, labda ni kona ile tu. Akasogeza tena. Akaileta nyingine iliyolishwa vilevile, na ya tatu. Kote zilielea.

Akampigia mdogo wake: simu imezimwa. Akampigia shemeji, akakumbuka kwamba bwana yule simu yake humaliza chaji kwa muziki kabla ya saa sita. Nayo haikupatikana. Lori lilikuwa njiani na lilikokwenda hakuna mtandao, na boksi lilikuwa kwenye mapaja ya mtu aliyeambiwa asiruke hata siku moja.

Gari la mradi lilikuwa moja, na ufunguo wake haukai ila kwenye mkoba wa Profesa. Njiani kwenye ukumbi Daktari alitunga uongo mzima: mama anaumwa, kalazwa, anamwita. Ulikuwa uongo mzuri, una hata jina la wodi. Alipofika mlangoni Profesa akainua macho kutoka kwenye kikombe cha chai, na ule uongo ukamkauka mdomoni.

Akaanza na seli. Profesa akatikisa kichwa, akasema afadhali zife kwenye chupa kuliko kwa mtu, ndiyo maana ya chupa.

"Mdogo wangu anavyo," Daktari akasema.

"Anavyo nini?"

"Vya kijani. Anakula."

Profesa akaweka kikombe chini polepole, akauliza tangu lini. Daktari akajibu tangu tumbo halijaonekana. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna. Profesa akachukua mkoba.

"Twende. Kukufukuza kutasubiri."

Profesa aliendesha mwenyewe. Aliendesha vibaya, kwa hasira, gia zikilia, akipita magari upande usiopitwa, akauliza tu lori ni la rangi gani. Daktari hakujua. Mtu unaona kitanda, unaona kabati, rangi ya lori nani anaitazama. Alikaa ameshika simu, anapiga, anakata, anapiga. Kila lori walilolikaribia alitoa kichwa nje, na kila mara lilikuwa la saruji, la magunia, la mbuzi. Alihesabu moyoni jinsi mdogo wake anavyopenda kula safarini. Tangu utotoni, gari likiondoka tu, yule anafungua chochote kilichopo.

Waliwakuta kwenye mizani. Malori yalikuwa yamepanga foleni kusubiri kupimwa uzito, na katikati ya foleni, juu ya turubai, kitanda kilikuwa kimeinua miguu yake minne hewani. Daktari alishuka kabla gari halijasimama.

Mdogo wake alipomwona akashika kifua. "Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa, Daktari akasema, lakini alikwisha kupanda kibati cha kukanyagia chini ya mlango na mkono wake ulikuwa kwenye boksi. Akauliza amekula leo. Amekula, asubuhi, nusu, na hapa alikuwa anatafuta maji akoroge nusu iliyobaki. Basi Daktari akamweleza palepale, amening'inia mlangoni, madereva wengine wakisikiliza: kwamba alikosea, kwamba vile alivyodhani vinalisha huenda vinaumiza, kwamba ilibidi ajue kabla ya kumpa na hakujua. Shemeji alishuka upande wa pili akazunguka. Alikuwa mtu wa mizaha, na sasa hakuwa na hata mmoja. Alimwuliza kama alimfanya mke wake panya wa maabara. Daktari alijua kwamba hata panya asingepewa kabla ya seli kupimwa.

Mdogo wake alikuwa ameweka kiganja tumboni, ametulia, anasikiliza kwa mkono. "Anacheza," akasema. "Huyu anacheza, tulieni." Kisha uso ukambadilika.

"Dada. Na msusi je?"

"Msusi gani?"

"Jirani yangu, yule unayemwamkia kila jioni. Tumbo lake na langu ni moja, tulikuwa tunapimana kila siku. Nilikuwa nampa. Nusu mwanzoni. Baadaye vingi alikula yeye, maana mimi vilinichefua, nikaogopa kukuambia."

"Nilikuambia usimpe mtu."

"Uliniambia ni chakula. Nitakulaje chakula mlango uko wazi na mjamzito mwenzangu amekaa ananitazama?"

Kwenye mafunzo ya mradi, Daktari mwenyewe alikuwa akisimama mbele ya wanawake wenye vifuko vyeupe kuwasihi wasigawane, na wao wakiitikia vizuri kabisa huku wakijua watagawana. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Halikumjia kwamba mdogo wake naye ni mwanamke kama wale.

Profesa, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote, akasema mjamzito huyu haendi popote isipokuwa hospitali, na aliyetaka kuja aingie garini. Shemeji akamwambia dereva atangulie na vyombo. Wakageuza.

Msusi walimkuta kwenye kibanda chake, mteja mmoja kichwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka. Alifurahi kumwona jirani yake, akamtania kwamba hata mtaa haujaanza kumkumbuka, safari imemshinda amerudi. Mdogo mtu akamwuliza mtoto anaendeleaje. Msusi akasema yupo, kanyamaza tu tangu jana, labda kachoka na umbea wa wateja. Akacheka. Hakuna aliyecheka naye, na vidole vyake vikasimama kwenye nywele.

"Mbona mnanitazama hivyo?"

Profesa akamshika kiwiko akamwambia, kwa sauti ambayo Daktari hakuwahi kuisikia kwake, "Vaa viatu, mwanangu, nitakueleza njiani." Mteja akaachwa kwenye kigoda na kitana kichwani.

Hospitalini muuguzi wa wodi ya wazazi aliwalaza wote wawili, pazia katikati. Akamwekea msusi kifaa cha kusikilizia tumboni, akakihamisha, akakihamisha tena, akamwita daktari wa uzazi. Mapigo yalikuwepo, yamelegea. Daktari wa uzazi akauliza amekuwa akitumia nini. Msusi akasema hakuna, chakula tu, na vile vya jirani.

Profesa akamgeukia Daktari.

"Ni vyangu," Daktari akasema. Akataja kilichomo na kipimo chake, akasema alivitoa kwenye mradi bila ruhusa, akasema asubuhi hii ameona vinaua seli za kondo. Alilisema lote, msusi akimsikiliza akiwa amelala chali, macho darini. Alipomaliza msusi akamwuliza swali moja tu.

"Na wewe ulikuwa unanipita pale kila jioni, ukiniamkia?"

"Sikujua unakula."

"Lakini yeye ulijua."

Wakaja kumsukuma chumba cha upasuaji.

Mtoto wa msusi alikuwa wa kike. Aliishi siku chache. Madaktari walisema kondo lilikuwa limenyauka, ila hawakuweza kuapa kwamba ni vifuko, kwani makondo hunyauka pia kwa sababu nyingine. Msusi alihamisha kibanda mtaa mwingine na ana wateja wengi. Mdogo wake Daktari alilazwa mpaka alipojifungua mvulana mdogo lakini mzima, kisha akamfuata mumewe kituoni. Shemeji hajamsamehe Daktari na haongei naye. Dada na mdogo wake hupigiana simu sikukuu, wanazungumzia mvua na shule. Vifuko vya kijani vilichomwa moto, mifugo ya chupa zote ikamwagiwa dawa ya kuulia vijidudu. Profesa aliiandikia kamati kuondoa matokeo yale, mradi ukaendelea na vyeupe peke yake, naye akastaafu mwaka uliofuata. Mteja aliyeachwa kwenye kigoda alimalizia nywele zake kwa mtu mwingine. Daktari alifukuzwa kazi siku ileile ya mizani, na sasa anafundisha baiolojia shule ya sekondari.