Safu ya Mbuzi Wekundu

Haya alinisimulia bibi yangu Nashilu mwenyewe, mwaka ule wa uhuru, tukipukuchua mahindi kwake Elerai. Yalimpata ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele, enzi za Mjerumani.

Shule ilikuwa banda la nyasi kando ya migomba. Mwalimu, Elisaria, alitoka Machame na sauti yake kubwa. Siku ya kwanza ya hesabu aliwapanga watoto mstari, akaanza kuwagusa vichwa. "Moja! Mbili! Ta..."

Hakufika nne. Watoto walitimka wote, wakajificha migombani.

"Mwalimu, unataka tufe?" Huyo Soila, mwenye mdomo kuliko wote. "Watu hawahesabiwi! Wala ng'ombe! Wala mbuzi!"

Elisaria akakuna kichwa, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, rudini. Magunzi ya mahindi je?"

"Magunzi hayana mama," Soila akasema. "Hayo hesabu tu."

Kesho yake mwalimu akamwaga majivu sakafuni, akachora mstari. Aliyekula ndizi asubuhi aweke gunzi hapa, aliyekunywa maziwa pale, aliyekunywa uji kule, na mwenzake aweke lake juu ya hilo, safu ipande. Wa uji walikuwa watatu tu, lakini safu yao ikaipita ya maziwa!

"Waongo!" Nashilu akaruka. "Wameleta magunzi marefu!"

"Ehe! Umeona?" Mwalimu akapiga makofi. Akayakata yote yalingane na kidole chake, yakapangwa upya. Sasa mtu akitupa jicho tu anajua: ndizi juu kabisa, maziwa yanafuata, uji chini. Wakayahesabu kwa kuimba, na hakuna aliyekufa.

Nashilu alikimbia hadi nyumbani. Baba yake, Koikai, alikuwa mlangoni pa zizi. Nashilu akamwinamishia kichwa aguswe kwa salamu.

"Papa, leo tumehesabu!"

Mkono ukasita juu ya kichwa chake. "Mmehesabu nini?"

"Magunzi."

"Leo magunzi. Kesho mbuzi wangu, na kesho kutwa Mjerumani yuko hapa anajua ninao wangapi. Sikiliza, Nashilu. Siku utakayohesabu mbuzi wangu, shule basi."

 Ila moyoni Nashilu alijua: baba akiziona safu zenyewe, ataelewa. Basi alfajiri akachota majivu ya mama, akayatandaza kando ya mlango wa zizi, akachora mstari. Mbuzi walipotoka, kila mweusi akipita, anaweka punje moja ya mavi ya mbuzi kwenye safu ya weusi. Mweupe, safu ya weupe. Mwekundu, ya wekundu. Punje za mavi zinalingana, hazihitaji kukatwa.

"We mtoto, unachezea mavi na shule inakungoja?" mama yake, Nasieku, akamwita.

"Naenda, yeyoo, naenda mama!"

Jioni mbuzi walirudi wakisukumana, wamechanganyika na wa jirani yao Loishiye. Wa Loishiye walipokwisha kutengwa, Nashilu akachuchumaa tena, akapanga safu za jioni ubavuni mwa zile za asubuhi. Weusi sawa. Weupe sawa. Wekundu... akatazama tena.

"Papa! Papa! Wekundu wamepungua!"

Koikai akaja taratibu, uso umekunjamana. "Umehesabu mbuzi wangu?"

"Sijataja namba hata moja! Hata sijui ni wangapi, papa. Tazama tu!"

Koikai akainama. Akatazama safu mbili za wekundu, ya jioni imebaki chini kidogo. Akainua macho, akayapitisha zizini, sura moja moja.

"Pembe-Moja!" akapiga kelele. "Pembe-Moja yuko wapi?"

Akanyakua mkuki, mbio kuelekea korongoni, Nashilu nyuma yake. Ng'ambo fisi alishaanza kulia. Wakasikia mlio mwembamba kichakani. Pembe-Moja alikuwa amesimama pale, analamba watoto wawili wekundu, bado wabichi!

"Mapacha!" Nashilu akarukaruka. "Papa, mapacha!"

Koikai akawabeba mmoja kila kwapa, anacheka kama kijana. Mlangoni akamkabidhi Nasieku, akainama mwenyewe, akaokota punje ya Pembe-Moja na mbili za watoto wake, akaziweka juu ya safu ya jioni.

"Sasa je?"

"Sasa imeipita ya asubuhi!"

"Basi mwambie mwalimu wako mbuzi wa Koikai hawahesabiwi. Wanapangwa. Na kesho uwahi, usije ukakuta wenzako wameshaanza."

Wale mapacha walilala kwanza, karibu na moto. Kisha mama. Kisha baba, akikoroma. Nashilu alibaki macho juu ya ngozi yake, akipanga kesho waweke safu za nini: kuku? migomba? meno yaliyong'oka? Kidole chake kikawa kinadonoa ngozi, kikipanda juu, kikipanda, hadi kikatulia.