Ekstensheni ya Mzee Waya

Mzee Waya alikuwa fundi umeme kwa miaka thelathini na minne, na tangu astaafu hakuna mtu nyumbani kwake aliyepumua kwa raha. Balbu ikipepesa kidogo, keshapanda juu ya meza. Feni ikilia, anaizima, watu watokwe na jasho, yeye aikague kwa nafasi yake. Kila soketi ya nyumba ile aliifunga mwenyewe, na mgeni hamalizi hata dakika tano kwenye kiti kabla hajaambiwa kwamba katika maisha yake yote hakuna mteja aliyewahi kumwita tena kulalamika. Mkewe alikuwa na maoni yake kuhusu jambo hilo. Alisema labda wateja walichoka kumsikiliza, ila hilo alilisemea jikoni, na maji yakiwa yanamwagika bombani.

Basi binti yao akaja kukaa kwao wiki mbili, yeye na mumewe, wakati nyumba yao inaezekwa upya. Binti kazi yake ni kuchora ramani za majengo. Alikuja na laptopu yake, na ndani yake mlikuwa na ramani za zahanati ambazo Alhamisi saa nne asubuhi alitakiwa kuwaonyesha wakubwa zake kwa video, palepale nyumbani. Akapewa chumba cha nyuma, chenye dirisha zuri na meza kubwa. Soketi ilikuwa moja tu, tena nyuma ya kabati. Mzee Waya aliposikia hivyo, uso ulimchangamka kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

Alimtengenezea ekstensheni. Si ya dukani, Mungu apishe mbali! Alichukua kipande cha ubao, akakipiga msasa, akakifungia soketi tatu na kitaa chekundu cha kuonyesha kwamba umeme upo, akavuta waya mnene kutoka soketi ya ukumbini, akaupitisha chini ya zulia. Ubao wenyewe ukikuangukia mguuni, utachechemea mwezi mzima.

"Hii," alimwambia binti yake, "utakuja kuwarithisha wajukuu zangu."

Jumatatu asubuhi betri ikagoma kuchaji.

Binti alichomeka chaja. Alama ya kuchaji ikatokea, ikapotea, ikatokea tena, ikapotea jumla. Betri asilimia sitini na mbili, na inashuka. Akamwita mumewe.

Huyu mkwe alikuwa mtu mpole mwenye miwani, anatunza kompyuta za ofisi moja kubwa, na ni mtu wa kusema samahani hata akigonga kiti. Mzee Waya hakuwa na ugomvi naye. Alimwona tu si fundi. Fundi gani mikono laini namna ile? Kazi yote anaifanya kwa kubonyeza! Kimoyomoyo alimwita Daktari wa Vitufe, na mara mojamoja jina lilimponyoka.

Mkwe akaitazama laptopu, akaitazama chaja, akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye ubao wa mzee. Akachuchumaa pale kidogo. Kisha akainuka, akasafisha koo.

"Itakuwa chaja," akasema. "Kesho nitaazima nyingine ofisini."

"Umesema vyema, daktari," alisema Mzee Waya kutoka mlangoni. "Kitaa changu kinawaka. Umeme upo. Ugonjwa uko upande wenu."

Chaja ya kuazima ikaletwa, na betri ikagoma vilevile. Jumanne mchana binti akaibeba laptopu hadi kwa fundi wa kompyuta mjini. Ajabu ya Mungu, kule ikachaji bila mashaka yoyote, ikapanda mpaka hamsini, na fundi akamtazama binti kwa macho ya mtu anayepotezewa muda. Aliporudi nyumbani akachomeka tena. Kimya.

"Betri za siku hizi zina maringo," Mzee Waya alimfariji. "Kwa fundi zinajifanya nzima."

Alisema hivyo, lakini wasiwasi ulishamwingia. Binti alipokwenda kuoga, aliingia chumba cha nyuma kwa kunyata, akafungua skrubu mbili za ubao, akachungulia. Kitaa kilikuwa kimefungwa vizuri, ndiyo maana kilikuwa kinawaka kwa madaha. Lakini waya unaotoka kwenye kitaa kwenda kwenye soketi haukubanwa sawasawa. Ulikuwa umelegea, unachezacheza, na ncha yake imebabuka nyeusi. Kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Katika siku za kazi, mtu akifunga hivi, Mzee Waya alikuwa akimwita mbele ya wenzake na kumsomea mpaka machozi yamtoke.

Alikuwa hajashika hata koleo aliposikia mlango wa bafuni. Akazirudisha skrubu mbiombio, akatoka akipiga mluzi.

Kuanzia hapo hakuwa na amani. Binti alikaa chumbani mle jioni nzima, na kesho yake tena asubuhi nzima, amekodolea macho asilimia zake. Thelathini. Ishirini na nne. Mzee Waya akawa anapita mlangoni na visingizio. Mara anatafuta kalenda. Mara ameona mjusi. Alitaka dakika kumi tu za peke yake na ubao ule, akate ncha iliyoungua, aubane waya, na siri ifie pale. Watu wakijua kwamba mkono wake umetetereka, atawaambia nini? Hana kazi nyingine, hana sifa nyingine. Ana hiyo tu.

"Nahamia sebuleni," binti alisema Jumatano wakati wa chakula cha mchana. "Nijaribu soketi ya kule."

Mzee Waya alipaliwa. Soketi ya sebuleni ingemuumbua saa hiyohiyo. Kabla hajapata la kusema, mkwe akadakia.

"Sebuleni? Hapana, usihame. Intaneti ya kule ni mbovu. Halafu ukiihamishahamisha, betri inachanganyikiwa."

"Inachanganyikiwa kabisa!" alisema Mzee Waya. "Msikilize mumeo."

Binti aliwatazama wote wawili. Katika miaka minne ya ndoa yake hawajawahi kukubaliana hata kuhusu mvua.

Ilipofika saa kumi, betri ilikuwa asilimia tisa na binti anakaribia kulia. Hapo mkwe akatangaza tiba ya mwisho. Laptopu izimwe, ipelekwe meza ya kulia chakula, ifunguliwe, betri ichomolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa dakika nzima ili umeme wote uliojificha ndani umalizike. Binti ashike tochi. Mama ashike skrubu zisipotee.

"Na mimi?" aliuliza Mzee Waya.

"Wewe pumzika, baba. Tutakuwa kule robo saa, au zaidi kidogo."

Pumzika! Siku nyingine angeng'aka. Siku hiyo aliwasindikiza kwa macho mpaka wakapinda, akachomoa plagi ya ubao kule ukumbini, akajifungia chumba cha nyuma, na vidole vyake vikakumbuka ujana. Alikata ncha iliyobabuka, akamenya waya, akausokota, akaubana skrubu mpaka mkono ukamuuma. Akautingisha kwa nguvu zake zote na haukusogea. Aliporudisha plagi ukutani na kurudi kuketi chumbani mle na gazeti, lililokuwa kichwa chini, bado alisikia sauti ya mkwe ikihesabu kutoka kule: "Hamsini na nane, hamsini na tisa…"

Wakaja. Wakachomeka. Alama ikatokea, na ikakaa. Kumi. Kumi na moja.

Binti alipiga kigelegele na kumrukia mumewe shingoni. Mama akapiga makofi, akaimba, akazunguka meza.

"Dakika moja tu ya kitufe!" alisema Mama. "Jamani, mwanangu umeolewa! Sasa nyumba hii ina fundi!"

Mzee Waya alijaribu kutabasamu. Wallahi alijaribu. Alijiambia: nyamaza, mambo yamekwisha, jina lako limepona, kunywa maji ulale. Lakini neno la mkewe lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Fundi? Huyu? Kwa kubonyeza?

"Kitufe hakijafanya lolote!" Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, na haikurudi. "Lolote! Waya ulikuwa umelegea ndani ya ubao, nimeubana mimi sasa hivi, kwa mkono huu! Ningewaacha, mngebonyeza mpaka Krismasi!"

Mama akaacha kuimba.

"Waya wa nani?" Mama aliuliza polepole.

Mzee Waya alilitazama gazeti lake, akaligeuza.

"Wangu," alisema.

"Ni kweli, baba," alisema mkwe kwa sauti ndogo. "Kitufe hakijafanya lolote."

"Unasemaje?"

"Niliona siku ileile ya Jumatatu. Plagi ya chaja ukiigusa, inacheza na kutoa cheche. Ndiyo maana leo nikawatoa humu, nikahesabu polepole. Sekunde zangu zilikuwa ndefu."

"Ulijua! Mbona hukusema?"

"Ningeanzia wapi? Mimi mkwe, nije kwako, nikwambie mbele ya binti yako kwamba ulichomfungia kinatoa cheche? Nilijua utaiona mwenyewe. Nilikuwa nakusubiri."

"Mlikuwa mnasubiriana!" Binti alipaza sauti. "Nina kikao kesho! Siku tatu nahangaika, nimekwenda mjini, nimedharauliwa na yule fundi, na nyinyi wawili mnajua, mnaniambia betri inachanganyikiwa? Kuchanganyikiwa mtachanganyikiwa nyinyi!" Akachomoa chaja, akakumbatia laptopu yake, akaondoka nayo kwenda sebuleni, Mama nyuma yake. Wakasikia plagi ikigonga ukuta, kisha kile kimlio cha kuchaji.

Mzee Waya alitafuta ndani ya moyo wake hasira ya kumpa mkwe, akaikosa. Alichokikuta ni aibu, na nyuma ya aibu kitu kingine ambacho hakuwa tayari kukiita shukrani. Akavuta kiti karibu.

"Sasa niambie ukweli, mwanangu. Humu ndani kuna kingine ulichokinyamazia?"

Mkwe alivua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu mno.

"Viko vinne, baba."

"Vinne!"

"Vitano, tukiweka na kengele ya mlangoni."

Mzee Waya alishusha pumzi, akatazama mlangoni kama mkewe anasikiliza, akamwinamia mkwe sikioni. "Tuanze na kipi? Tukifanye upesi, mama yenu asijue."

"Anzeni na soketi ya birika kule jikoni!" Mama aliita kutoka ukumbini. "Ilikufa mwaka juzi. Nachemshia chai chumbani."

"Mwaka juzi?" Mzee Waya alisimama. "Mwanamke, na wewe mbona hukusema?"

"Nikuambie wewe?" alisema Mama, na kicheko kikamshinda. "Ulikuwa na furaha sana na soketi zako."

Mzee Waya alichukua bisibisi yake, asijue acheke au akasirike. Kisha akampa mkwe testa ya kupimia umeme, wakaenda jikoni.