Saa Tatu Ndani ya Kopo

Mpiga picha alikuwa na hasira tangu Jumatatu, na sasa ilikuwa Ijumaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewapiga watu picha za vitambulisho, inua kidevu, usicheke, masikio yote mawili yaonekane, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita msanii. Sasa mama mmoja wa jumba la maonyesho alikuwa amemwahidi nafasi ukutani kwa sharti moja: alete picha ya mtu ambaye yupo na hayupo. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine.

"Yupo na hayupo," alisema mkewe alipoelezwa. "Huyo si wewe wakati wa kuosha vyombo?"

Hakucheka. Alikuwa na daftari zima la mambo ya namna hiyo: kelele ya kimya, umbali wa karibu, mwendo uliosimama. Miezi minane alikuwa akiyaandika, na kila alipojaribu kuyapiga kwa kamera aliambulia picha nzuri tu, za kuweka kwenye kalenda. Kamera ilikuwa inaona haraka mno. Ndipo akachukua kopo tupu la rangi, akalipaka weusi kwa ndani, akalitoboa kwa ncha ya sindano ya mkewe, akabandika ndani yake karatasi ya picha. Kopo halina haraka. Linataka saa tatu kwa picha moja, na katika saa hizo tatu kinachotulia hubaki kwenye karatasi, kinachosogea hufutika. Mtu akikaa nusu ya muda halafu akaondoka, anatoka kama mvuke, ukuta ukionekana kupitia mwilini mwake. Hesabu ilikuwa safi kabisa.

Aliyeivuruga hesabu ni mke.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho alichofanyia kazi. Alichotakiwa ni kukaa kitini saa moja na nusu tu, mikono mapajani. Jumatatu alikaa dakika kumi akakumbuka hajazima pasi. Jumanne mteja alikuja kujaribu sketi. Jumatano alijitahidi, maskini, mpaka alipoona kipande cha uzi sakafuni, na mkono ukaenda wenyewe. Alhamisi aliinuka katikati ya picha, akasema wazi kwamba hawezi.

"Baba watoto, mara ya mwisho kukaa saa nzima bila kushika kitu nilikuwa nimelazwa hospitali."

"Ni kukaa tu, mama watoto. Nimekuomba ukae, sijakuambia ubebe mawe."

"Bora ungesema mawe."

Karatasi nne zikawa zimeharibika hivyo hivyo. Ijumaa asubuhi ilibaki moja, na duka lililokuwa likiziuza lilikuwa limeacha kuzileta tangu mwaka jana. Nyongo ilimpanda. Aliibandika karatasi, akaliweka kopo juu ya kabati, akafungua tundu saa mbili kamili, akamwambia mkewe afanye anavyotaka, yeye amechoka kuomba. Kisha akavuta kigoda akakaa pembeni kabisa, mahali ambapo kamera yake ya kazini isingemwona, akafunga mikono kifuani ili kulinda kopo lisiguswe. Na kununa. Alinuna kwa saa tatu mfululizo.

Fundi alifanya kazi. Alishona kola, akapiga pasi mashati sita ya sare, akampima mteja kiuno, akafagia vipande vya vitambaa. Alileta chai akaiweka miguuni pa mumewe, baadaye akarudi kukichukua kikombe kikiwa kimejaa na kimepoa. Mara mbili alisimama mbele ya kigoda kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu. Mumewe alikuwa anatazama saa.

Saa tano aliziba tundu, akaingia bafuni ambako alikuwa ameziba dirisha, akaisafisha karatasi kwenye dawa. Picha ya kopo hutoka kinyume, peupe pakiwa peusi na peusi pakiwa peupe, kwa hiyo alitoka nayo nje, akaipiga picha kwa simu, akaigeuza. Halafu akakaa chini, palepale kwenye ngazi.

Chumba kilikuwa kimetoka chote: cherehani, meza, kiti kitupu, kabati la vitambaa. Aliyefanya kazi humo hakuwepo, hata kivuli. Lakini pembeni alikuwepo mwanamume kwenye kigoda, mikono kifuani, uso umekunjamana na unasomeka vizuri kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa amesahau kwamba kopo, kwa uviringo wake, huona pembeni kuliko kamera yoyote. Miaka kumi na tisa ya kuwaambia watu watulie, na aliyetulia kuliko wote ni yeye.

Kwanza alitaka kuichana. Kisha akaitazama tena, kitu kimoja kimoja. Pasi ilikuwa juu ya meza, mashati yametundikwa, sakafu imefagiwa, na hakuna aliyefanya hayo. Mke alikuwa kila mahali na hakuwa popote. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta miezi minane. Aliituma saa sita kasoro robo, na kwenye nafasi ya jina la picha akaandika: Mke Wangu.

Jibu lilikuja kabla hajasimama. "Hii ndiyo. Itakaa mlangoni, watu waione kwanza."

Aliingia ndani akicheka peke yake. "Wameichukua," alisema.

Fundi aliweka mkasi chini, akapangusa mikono, akaichukua simu. Alitazama, akaikuza kwa vidole, akapita kwenye kiti, kwenye meza, kwenye cherehani.

"Mimi niko wapi?"

"Ulikuwa unasogea, kopo halikukupata. Ndio uzuri wake. Upo na hupo."

"Na wewe?"

"Mimi nilikaa."

"Naona," alisema. "Na chini wameandika Mke Wangu."

"Nimeandika mimi."

Alimrudishia simu. "Nimeshamwambia dada yangu aje siku ya ufunguzi. Nimemwambia ni picha yangu." Hakuwa na hasira, na hilo lilimkosesha mumewe raha zaidi. "Unapiga watu picha miaka yote hii, mimi hujanipiga hata moja. Leo nikajua kukaa nitashindwa, nikasema basi angalau nguo itaonekana. Ndiyo maana nimeamka alfajiri nikamalizia gauni."

"Gauni lipi?" aliuliza, macho yakiwa bado kwenye simu. Kisha akayainua.

Alikuwa amelivaa.